Yuezhen Aliulizwa Mara Mbili

Peng Yuezhen alipofikisha miaka arobaini na nne, alijihesabu kuwa mtu aliyekwisha vuka mto. Alikuwa na duka la tambi za mchele kwenye njia ya sokoni katika mji mdogo wa Shiqiao, mkoani Hunan. Mumewe, Luo Deming, alikuwa fundi plasta huko Guangdong na alirudi nyumbani kila Mwaka Mpya. Mwana wao mmoja, Jun, alikuwa amekwisha oa, na mkwe, Tingting, alikuwa na mimba. Kilichobaki, Yuezhen aliwaambia wateja wake huku akiwamiminia supu, ni kubeba mjukuu na kuota jua.

Kwa kawaida hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kwa mimba ya mkwe wake maneno hayakumwishia. Siku Tingting alipotangaza kwamba amebeba, Yuezhen alichomoa maikrowevu ukutani akaifungia stoo. Simu zikapigwa marufuku chumbani. Televisheni ikawa ya kutazamwa kutoka mlangoni. Akamnunulia msichana aproni ya kuzuia mionzi, ya kijivu, yenye nyuzi za fedha kwa ndani, akamvalisha kwa mikono yake mwenyewe.

"Mionzi haionekani, mwanangu," alimwambia. "Inaingia kimyakimya, kama wivu."

Tingting aliivaa ile aproni mpaka sokoni. Mama Kuang, muuza maandazi ya mvuke wa duka la pili, hakuacha kuwatania.

"Yuezhen, huyo mtoto wenu atazaliwa na deraya."

"Na azaliwe nayo. Wewe pika maandazi yako."

"Napika. Nangoja tu nione kama atatoka na kofia ya chuma."

Ukali huo ulikuwa na mzizi wake. Jun alipokuwa bado mdogo, Yuezhen alishika mimba nyingine. Siku hizo sheria ilikuwa mtoto mmoja. Wanawake wa ofisi ya uzazi walikuja, wakaketi kitandani pake, wakanywa chai yake, wakasema naye kwa upole mpaka akavaa viatu akafuatana nao kliniki, mimba ikatolewa. Hakuna aliyemburuta. Hilo ndilo lililomkaa rohoni miaka yote, kwamba alikwenda kwa miguu yake. Deming hakumlaumu, wala hawakulizungumza tena. Sheria ilikuja kulegezwa baadaye, watu wakaruhusiwa watoto wawili, lakini Yuezhen alilisikia tangazo hilo kama mtu anayesikia kwamba chakula kimeiva katika nyumba ya jirani.

Basi Mwaka Mpya ule ukapita, Deming akarudi zake kazini, na mwezi uliofuata Yuezhen hakuona siku zake. Mwezi wa pili vilevile. Mama Kuang alipomwona akijipepea kwa kifuniko cha sufuria, akamwambia ni ukomo wa hedhi, umemkuta mapema kama ulivyomkuta yeye. Yuezhen akalidaka neno hilo kama mtu anayezama anavyodaka tawi. Lakini matiti yalimuuma, na harufu ya mafuta ya pilipili, aliyoishi nayo nusu ya umri wake, ikaanza kumchafua roho. Akapanda basi hadi mji wa pili ambako hakuna anayemjua, akanunua kipimo cha mimba.

"Binti yako atumie mkojo wa asubuhi," muuza dawa alimwelekeza.

"Nitamwambia," Yuezhen akajibu.

Ikatoka mistari miwili. Akakizungushia kipimo karatasi, akakitumbukiza katikati ya majivu ya jiko, akaenda kukata vitunguu.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mkwe wake analala chumba cha pili, ukuta mwembamba, na tumbo lake limeshatangulia mbele. Sasa mama mkwe naye atokeze la kwake? Watu wangepiga hesabu kwa vidole, wangefika usiku wa Mwaka Mpya, na wangecheka mpaka wamwage supu. Mbele ya wateja alijisikia kama aliyekutwa uchi. Akawa anafunga kitambaa chake cha kazini juu zaidi, akijiambia kwamba mimba za umri huu mara nyingi hutoka zenyewe. Akangoja itoke.

Siku za mvua, watu wanapozuru makaburi ya mababu, maumivu yakamshika. Yalianzia kiunoni nyuma yakateremka hadi kinenani, akaanguka magoti kando ya jiko. Jun alikuwa zamu kiwandani. Tingting ndiye aliyesimamisha bajaji, akamfikisha hospitali akiwa amejikunja kama kamba aliyechemshwa. Daktari akabonyeza mgongo, akasema inaelekea ni jiwe la figo, akaandika apigwe picha ya CT.

Mlangoni mwa chumba cha picha palikuwa na bango kubwa la mwanamke mjamzito, na mtaalamu wa picha, msichana mwenye miwani, aliwazuia hapo.

"Shangazi, siku zako za mwisho uliziona lini?"

"Hata sikumbuki."

"Kuna uwezekano wa mimba?"

Tingting akacheka kabla Yuezhen hajafungua mdomo. "Dada, huyu ni bibi mtarajiwa. Mwenye mimba ni mimi." Akapigapiga tumbo lake juu ya aproni ya kijivu. Wagonjwa wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka naye.

Mtaalamu hakucheka. "Namwuliza yeye. Shangazi, kama una hata wasiwasi kidogo tu, niambie. Tunaweza kuanza na altrasaundi, ile haina mionzi, na mawe mengi huonekana kwayo. Una mimba, au huenda ukawa nayo?"

Maumivu yalikuwa yakimkata, lakini hayakumzuia kuwaza. Aliwaza wazi kabisa. Aliuona uso wa Tingting, akawaona wale wawili wa kwenye benchi, akayaona maneno yakitoka hospitali, yakipanda njia ya sokoni na kuketi dukani kwake.

"Sina," akasema. "Nilishakoma."

"Haya. Na wewe mwenye tumbo, kaa kule mwisho."

Mlango mzito ukafungwa. Kitanda kikateleza kuingia kwenye tundu la mashine. Alijua angeweza kusema hata sasa, akiinua mkono tu yule msichana wa nyuma ya kioo angesimamisha kila kitu. Sauti ikamwambia, "Vuta pumzi, ishike." Akaishika.

Lilikuwa jiwe, na dogo. Akapewa dawa, akaambiwa anywe maji mengi, na siku chache baadaye likatoka lenyewe. Tingting akawasimulia wateja jinsi mpiga picha alivyomwuliza Mama kama ana mimba. Duka zima likaangua kicheko. Yuezhen naye akacheka, na kicheko kikamwacha na ladha ya shaba mdomoni.

Hofu ndiyo iliyoanza kumjia. Yeye aliyefungia maikrowevu stoo alikuwa amemlaza mtoto wake ndani ya mashine ile. Halafu, taratibu, kikaja kitu kibaya kuliko hofu, nacho kilikuwa nafuu. Sasa ana sababu. Mtoto aliyepigwa mionzi hazaliwi, kila mtu anajua hivyo. Hakuna atakayemlaumu, si Deming, si mizimu ya ukoo. Itakuwa kosa la mashine. Alilala vizuri siku ile, na kesho yake, akichemsha mifupa ya supu, alikumbuka alivyolala vizuri akaona haya hata mbele ya sufuria.

Akamuaga Tingting kwamba anakwenda mjini kununua pilipili kavu kwa jumla. Alikwenda kwenye kliniki ya wanawake. Daktari aliyemkuta, Daktari Xiang, alikuwa mwanamke wa umri wake, mwenye mvi ambazo hakuzipaka rangi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akampima, akapiga simu hospitali ya Shiqiao kuuliza ilikuwa picha ya aina gani na mionzi kiasi gani. Kisha akageuza kiti wakatazamana.

"Mimba ina moyo unaodunda. Kuhusu picha, sikiliza vizuri. Mionzi iliyomfikia mtoto ni kidogo, chini sana ya kiasi kinachojulikana kuua mimba au kuharibu viungo na akili. Hatari ndogo ya kuugua saratani mbele ya safari haiwezi kufutwa kabisa, sitakudanganya. Lakini ni ndogo mno. Picha hii peke yake si sababu ya kutoa mimba."

Yuezhen akatazama mikono yake. "Lakini CT, daktari. Ya tumbo."

"Ya tumbo, ndiyo. Moja."

"Hata simu wanasema..."

"Simu si eksirei. Hao wanaosema ndio wanaouza aproni."

Yuezhen akajikuta akisema, kwa sauti ndogo ya mtu anayebembeleza muuza samaki, "Ungeniandikia tu kwamba si mzima. Kwamba haifai kuzaliwa."

Daktari hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kumbe hukuja kuuliza kama mtoto amedhurika," alisema. "Ulikuja ukitumaini amedhurika."

Masikio yalimwaka Yuezhen mpaka akahisi yanaonekana kutoka barabarani.

"Dada," daktari akaendelea, sasa kwa upole, "kama hutaki mimba hii kwa sababu ya umri, au afya, au maisha yako, hilo ni jambo lako na mumeo, tutalizungumza bila mtu kukucheka. Na kwa umri wako kuna vipimo vingine vya kufanya, hivyo ndivyo vya kuwazia. Ila usinitume mimi na mashine tukaseme uongo kwa niaba yako. Nenda, fikiri, urudi."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Tingting akauliza pilipili iko wapi.

"Bei ilikuwa mbaya," Yuezhen akasema. Uongo juu ya uongo.

Siku zikapita. Hakurudi kwa daktari kukubali wala kukataa. Alichofanya ni kupika, kuosha bakuli na kukwepa macho. Maneno ya daktari yalimrudia popote, sokoni hata chooni, na kila yaliporudi aliinamisha kichwa kana kwamba mtu amemwita. Alikwenda kwa miguu yake tena. Safari hii hata wa kumshawishi hakuwapo.

Joto lilipoanza, Tingting akashikwa na kikohozi. Kilianza kama mafua, wakampa maji ya tangawizi. Kisha homa ikapanda, akawa anahema kama aliyekimbia, na midomo ikabadilika rangi. Jun alimbeba mgongoni hadi barabarani, wakampeleka hospitali ileile. Daktari wa wodi, kijana mfupi mwenye haraka, akasikiliza kifua, akasema anashuku nimonia, huenda na maji kwenye pafu, na anataka eksirei ya kifua mara moja.

Tingting akatikisa kichwa, kinyago cha oksijeni usoni. "Hapana. Mtoto."

"Ni kifua, si tumbo. Mionzi inayofika kwa mtoto haifiki hata kiasi cha kuhesabika. Ila wewe usipopata hewa, naye hapati."

"Tumesema hapana," Jun akadakia. "Mpe dawa tu."

"Dawa ya nini, na kwa kiasi gani? Kama kuna maji lazima niyatoe, na lazima nijue yako wapi. Mnataka nitibu gizani?"

"Mama ndiye anayejua mambo haya," Jun akasema, akamgeukia. "Mama, mwambie. Wewe ndiye uliyesoma kuhusu mionzi. Hata televisheni tumeacha kutazama."

Wote wakamtazama. Tingting alikuwa ameshika ukingo wa ile aproni ya kijivu kama mtoto anayeshika nguo ya mamaye. Mkono ule ndio uliomvunja Yuezhen. Yeye ndiye aliyemvalisha. Alikuwa amemjaza msichana huyu hofu mpaka sasa yuko tayari kukosa pumzi kwa ajili yake, wakati mwenyewe, aliyeijaza hofu hiyo, alijilaza ndani ya mashine ili tu asichekwe.

"Apigwe picha," akasema.

"Mama?"

"Apigwe. Mimi nilipigwa. CT, ya tumbo zima, na nilikuwa na mimba. Ninayo mpaka leo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliacha kumenya chungwa.

"Siku ile waliponiuliza nilijua. Nilipima kabla. Nilisema sina kwa sababu nilikuwa naona aibu mbele yako, Tingting. Nikaenda mjini kwa daktari wa wanawake. Si pilipili. Akaniambia mtoto hakudhurika kwa picha ile. Kama ya tumbo haikutosha kumdhuru wangu, hii ya kifua haitamdhuru wako. Nilichokufundisha nilikiokota barabarani. Nisamehe, vua hiyo nguo, uende."

Tingting alimtazama juu ya kile kinyago. "Siku ile nilicheka," akasema kwa taabu.

"Ulicheka. Niliyedanganya ni mimi."

Msichana akaanza kufungua kamba za aproni. Zilikuwa zimekaza, Yuezhen akainama kumsaidia.

Picha ilionyesha nimonia upande wa kushoto na maji chini yake. Daktari akayatoa kwa sindano, akiongozwa na altrasaundi, akabadilisha dawa. Siku tatu za kwanza zilikuwa za kushika roho mkononi. Kisha homa ikashuka, Tingting akaomba tambi zenye pilipili nyingi, na wote wakajua amerudi.

Jun hakuwa mwepesi hivyo. Alimkuta mama yake kwenye ngazi za hospitali.

"Kwa umri wako huo, Mama. Wenzangu kiwandani wataniua kwa kicheko."

"Najua."

"Mwanangu atamwita huyo wako nani? Baba mdogo? Baba mdogo aliye mdogo kuliko yeye?"

"Au shangazi. Hatujui bado."

"Si mzaha."

"Sifanyi mzaha, Jun. Aibu yote unayotaka kunipa ninayo tayari. Nipe nyingine ukipenda, nitabeba."

Jun akashuka ngazi bila kumuaga. Jioni alirudi na bakuli mbili za uji, moja akamsukumia mama yake bila kumtazama.

Deming alipigiwa simu kutoka ukumbi wa hospitali. Nyuma yake kulisikika mashine ya kuchanganya zege.

"Kwa hiyo ule Mwaka Mpya..." Deming akasema.

"Nyamaza, wenzako watakusikia."

"Wasikie. Wewe unasemaje? Unamtaka?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo, si zamani wala safari hii. Hata yeye hakuwa amejiuliza. Alikuwa ametafuta tu wa kumwamulia. Alisimama na simu sikioni, watu wakipita na chupa za maji moto. "Namtaka," akasema, na akaona haya kwamba neno lilikuja kirahisi namna ile, baada ya yote aliyofanya kulikwepa.

Mji ulicheka, kama alivyojua. Mama Kuang alisema chaza mzee ametoa lulu, akalirudia neno hilo kwa kila mteja mpaka likachuja. Kulikuwa na waliokuja kula tambi ili tu waone tumbo. Yuezhen aliwahudumia, uso ukimwaka, akawawekea pilipili zaidi. Alifanya vipimo vyote Daktari Xiang alivyomwagiza. Alikwenda pia chumba cha picha, akamwambia yule mtaalamu mwenye miwani kwamba siku ile alimdanganya. Msichana alibadilika rangi, akakaa chini. "Shangazi, mimi ndiye ningejilaumu hadi kaburini kama mngepatwa na jambo," akasema. Yuezhen hakuwa amelifikiria hilo kabisa, kwamba uongo wake ulikuwa umemtwisha mzigo mtu mwingine. Alitoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia.

Tingting alijifungua binti katikati ya kiangazi, mzima, mwenye mapafu ya mpiga mnada. Vuli ilipofika, Yuezhen akajifungua mvulana. Alikuwa mwembamba na mwenye hasira, na mama yake alimkagua vidole, masikio na nyayo, akamkagua tena, mpaka mkunga akamwambia, "Mpishi, ameiva, mwache."

Wakati wa mwezi wa kutunzwa baada ya uzazi, ilikuwa zamu ya mkwe kumpikia mama mkwe kuku wa tangawizi. Alasiri moja walikuwa wawili kitandani, kila mmoja na mtoto kifuani. Tingting akamwuliza, bila ubaya, kwa nini siku ile alikwenda mjini kwa siri badala ya kumwambia, maana angemsindikiza.

Yuezhen angeweza kusema chochote. "Nilikwenda nikitaka daktari aniambie ana kasoro," akasema. "Ili nimtoe, na lawama isiwe yangu."

Tingting aliacha kumbembeleza binti yake. Alimtazama mvulana, akamtazama mama mkwe, na kwa muda uso wake ulikuwa wa mtu asiyemjua aliyekaa naye. Yuezhen hakuukwepa uso huo.

"Usije ukamwambia mtoto huyu," Tingting akasema mwishowe.

"Sitamwambia."

"Wala Jun."

"Wala Jun."

Msichana akashuka kitandani, akamlaza binti yake, akaenda kutazama kuku jikoni. Hakurudi upesi. Yuezhen alibaki na mvulana wake aliyekuwa akinyonya kwa pupa, macho yamefumbwa, ngumi moja juu ya titi. Akamfunika mgongo kwa shuka.